Balozi Kutoka Karurumo

Wewe ungefanya nini, wageni wameshaketi sebuleni kumposa mjukuu wako, na mjukuu mwenyewe yuko jikoni anamenya nduma, anakuapia kwamba hajui ni nani aliyewatuma?

"Shosho, mimi sina mtu," Joyline alisema tena. "Kweli."

Celina, bibi yake, hakumwamini. Hata yeye alipoposwa alisema hivyo hivyo, akainamisha kichwa hivyo hivyo. Akachukua mwiko, akaugeuza mukimo ambao haukuhitaji kugeuzwa, mradi mikono yake ipate kazi.

Katika boma lile la Nchiru, Meru, walikuwa wamebaki wawili tu. Mama yake Joyline yuko Doha, babu yake alizikwa kando ya migomba. Jioni Joyline akirudi kutoka chuo kikuu, ndipo Celina alipopata mtu wa kumuuliza kama majani ya chai yamekolea. Huyu akiolewa Embu, chai itanywewa kimya.

Na aliyekuja kumchukua si mtu wa kufukuzwa. Ni Mzee Kithaka wa Karurumo, kule Embu, ambaye Celina alifanya naye kazi Nairobi, Wizara ya Mambo ya Nje, bendera ikiwa bado mpya. Celina alikuwa akipiga taipu. Kuta zilinuka rangi mbichi, viti havikutosha, na watu walipokezana mashine. Mkuu wao alipenda kusema kwamba nchi iliyopata uhuru ni kama kijana aliyetoka jandoni. Amepewa nyumba yake, sawa, lakini asipotoka kupiga hodi kwa majirani, nani atajua kwamba amekuwa mtu mzima? Basi wizara ndiyo iliyopiga hodi, leo taifa hili, kesho lile, kwa maneno yaliyopimwa kama chumvi ya mgonjwa.

Kithaka alijua kupiga hodi. Ila kazi ilimwingia mwilini. Hata akitaka chai alisema, "Idara inaomba chai," na wasichana wa taipu wakafa kwa kicheko. Celina alipoacha kazi aende kuolewa Meru, Kithaka alikuja mezani pake akasema, "Wizara inakutakia ndoa njema." Akasimama pale kitambo, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akaenda zake. Baadaye alipelekwa nchi za watu kuwa balozi, akaoa, akastaafu, akafiwa na mke.

Mwaka jana alipita kuwasalimu. Alisema nyumba yake ina vyumba vingi na sauti ya redio tu. Joyline ndiye aliyemwandalia chai. Sasa Celina alijilaumu: ni mimi niliyemfungulia mlango, akamwona mtoto.

Sebuleni Kithaka alikuwa ameweka mezani kifurushi cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama Wameru wafanyavyo wanapoposa. Kando yake aliketi Mwenda, mtoto wa dada yake, daktari wa mifugo, amevaa suti mpya kama bwana harusi na jasho linamtoka.

"Watu wa Embu," alianza Kaburu, shemeji yake Celina, aliyeitwa awe msemaji wa boma. "Mnatuletea sisi miraa? Si hiyo ni kuupelekea mto maji?"

"Tumeileta kwa heshima," Kithaka akajibu. "Tumeona kitu chema katika boma hili. Tunaomba."

"Nani amekutuma?"

"Tutafika huko, bwana Kaburu. Njia hupitia kwenu kwanza."

Kaburu akaitazama suti ya Mwenda, akatabasamu, akaja jikoni akijipangusa ndevu.

"Huyu balozi tutampima leo leo. Wanawake, jifunikeni."

Ule ni mchezo wa siku ya baadaye, siku ya mbuzi na ng'ombe wa mahari: wanawake hupangwa mstari, wamefunikwa leso toka utosini, na mposaji lazima amtambue aliye wake. Lakini Kaburu akishika jambo haachi. Akawapanga sebuleni, Joyline kwanza, kisha majirani waliokuja kusaidia kupika.

"Nawe ingia, Celina. Akikuchukua wewe tunamtoza mbuzi."

Celina nusura akatae. Kisha akawaza: akikosea, ataambiwa arudi siku nyingine, na Joyline atabaki nami msimu mmoja zaidi. Akajifunika. Hata alinyoosha mgongo, asimame kama msichana.

Chini ya leso aliona sakafu tu, na vidole vyake vya miguu ndani ya kandambili kuukuu. Mbele kidogo, raba nyeupe za Joyline zilijitokeza wazi wazi. Moyo ukamshuka. Kipofu tu ndiye asingezitambua.

Fimbo ya Kithaka ikagonga sakafu, polepole. Ikafika kwenye raba nyeupe. Ikapita.

Celina akabana pumzi. Fimbo ikawapita majirani, ikaja, ikasimama mbele ya kandambili zake. Akakohoa kwa aibu, amwonye kwamba hapo hapana bibi harusi. Leso ikafunuliwa.

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Balozi, miwani umeiacha Karurumo?" Kaburu alisema akijishika mbavu. "Huyo ni shosho. Mbuzi wetu huyo, tumeshamla."

Joyline alicheka hadi machozi. Celina naye alicheka, kwa kuwa amepata msimu wake mmoja. Mwenda peke yake hakucheka. Alimtazama mjomba wake kama anayemsukuma kwa macho.

Kithaka alikuwa bado ameshika pindo la leso.

"Sikukosea, Kaburu," alisema. Kisha akamgeukia Celina, na sauti ikawa ndogo. "Nakutaka wewe, Celina. Nimechelewa, lakini nakutaka."