Nyuma ya Mgongo wa Mwalimu

Kwenye semina, kila mwalimu aliagizwa ajirekodi kwa simu akifundisha. Mwalimu Stumai, aliyebakiza muhula mmoja tu astaafu, aliiegemeza simu kwenye dirisha la darasa lake huku akiguna, "Uzee wote huu, nijitazame nini?"

Jioni alijitazama. Alijiona amewapa mgongo watoto wake wa darasa la kwanza, akiandika ubaoni. Nyuma yake darasa zima lilikuwa limeinua vidole, likiandika hewani kila herufi pamoja naye.

"Subhanallah," alinong'ona. "Miaka yote hii?"

Kesho yake alianza kuandika, kisha akaisimamisha chaki katikati ya herufi. Hakuthubutu kugeuka.

"Malizia, Mwalimu," sauti ndogo ikamwomba. "Mikono inatuuma."