Jina la Kijedwali

Hesabu nazijua kuliko maprofesa wote, mradi jibu lisizidi vidole vyangu. Msomi ni mume wangu. Huyo alifundisha hesabu kwa Kiingereza mpaka akastaafu.

Mjukuu wetu, mwenye mtihani kesho yake, alimsogezea karatasi. "Babu, kile kijedwali cha alama za kujumlisha na kutoa, kwa Kiingereza kinaitwaje?"

Mzee akachora mstari, akatia sifuri mbili, akapanga alama zake: jumlisha, toa, jumlisha. Mkono haukutetereka. Kisha kalamu ikagota pale pa kuandika jina. Wino ukaanza kusambaa, doa likafika ukubwa wa punje ya mahindi.

Nikawahi kuweka chai mezani. Watoto wetu nimewaambia masikio ya baba yao yamechoka. Wakijua ni kichwa, watamhamishia kwao, nami nibaki nikiongea na kuta.

"Kiziwi huyo," nikacheka. "Mpigie kelele kama unafukuza mbuzi shambani!"

Mjukuu alikuwa ameshalipata jina kwenye simu. "*Sign chart*, Babu!" akapaza sauti.

Mzee akalirudia polepole, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Si unaona?" nikadakia. "Swali tu ndilo ambalo hakulisikia."

Mume wangu akaiweka kalamu chini.

"Swali nililisikia, mama watoto," akasema. "Tangu alipoliuliza."

Mjukuu hakumtazama babu yake. Alinitazama mimi.