Heshima Tele, Kutoka Hakuna

"Haya, nimesema wote nje! Moto haumsubiri mtu amalize kuuza!"

Bakili alipuliza filimbi tena, mashavu yakamvimba, na katika duka lote la simu la Mama Celina, mtaa wa Agrey, hakuna aliyenyanyua hata unyayo. Jovitha, muuzaji, alikuwa anamwonyesha mteja kava za simu. Mteja naye alikuwa anataka ya rangi nyingine.

Afadhali kumpigia mbuzi gitaa. Tangu asubuhi Bakili alikuwa anazunguka Kariakoo na kizibao chake cha kung'aa, kipya, bado kinanuka plastiki, na kofia ngumu ya njano iliyombana paji la uso. Kazi yenyewe ndogo: filimbi inalia, watu wote wanatoka dukani, wanakusanyika ng'ambo ya barabara mpaka waambiwe warudi. Basi. Maduka mawili ya kwanza yalimfukuza. Hili la tatu nalo likigoma, siku imekwenda na maji, na mwenzake Hillary, aliyekuwa anamsubiri na Kirikuu yake kwenye kichochoro cha nyuma, alishaapa kwamba hatoi tena gari.

"Mama, nakuomba," alisema. "Wewe ndiye mwenye duka. Wakikuona umetoka, watatoka."

Alipoingia alikuwa amemwamkia vizuri, shikamoo, marahaba, kama inavyompasa mtu wa miaka thelathini mbele ya mama mwenye mvi. Hata hilo halikumsaidia. Mama Celina alibaki kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, miwani puani, kanga mabegani.

"Nikitoka, duka namwachia nani?"

"Mimi si nipo?"

"Basi nifunge kwanza makabati."

"Hapana! Msifunge kitu. Jengo linaungua, wewe unatafuta funguo? Roho kwanza, mama, mali baadaye. Nyie mtakuja kufia kwenye maboksi!"

Aliyasema kwa uchungu, maana wenye maduka wa namna hii walimkera kwelikweli. Mtu yuko radhi aungue na simu zake kuliko kuziacha peke yake hata kidogo.

Jovitha akanyanyua kichwa. "Bosi, na huu mtungi wa kuzimia moto?" Akaonyesha mtungi mwekundu karibu na mlango, umejaa vumbi, juu yake limeanikwa dasta. "Waliokuja mwaka jana walianza na huu. Wewe huukagui?"

"Baadaye, dada. Kwanza mtoke."

Mama Celina alivua miwani. Alimtazama Bakili kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akainuka.

"Kumbe nilikuwa sijakutambua," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kibarazani. "Kumbe wewe ni mtu mkubwa. Shikamoo, bosi."

Bakili alishtuka kidogo, kisha akatabasamu. Hatimaye! Kizibao kimeanza kufanya kazi.

"Marahaba, mama."

Jovitha alimwacha mteja, akapotelea stoo, akarudi na kiti na soda ya baridi. Mlangoni akachungulia Mzee Ghanshyam, muuza vitenge wa duka la jirani, mzee wa miaka sabini na ushee. Aliweka kiganja kifuani.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mzee wangu."

Mzee akaondoka zake. Mara mama muuza juisi, mtu mzima kabisa, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Shikamoo, bosi!" Nyuma yake akaja mpagazi mwenye mvi, akasimamisha mkokoteni katikati ya mlango, akavua kofia. Naye shikamoo. Bakili alizipokea zote. Tangu azaliwe hajawahi kuamkiwa hivyo. Tatizo lilikuwa moja tu: heshima tele, kutoka hakuna.

"Sasa tutoke, jamani!"

"Kunywa soda kwanza, bosi," alisema Jovitha.

"Sitaki soda!"

"Basi mteja amalizie kuchagua kava."

"Atoke nazo zote!"

"Natafuta viatu vyangu, mwenzenu miguu imevimba," alisema Mama Celina, akainama chini ya kaunta, akakaa hukohuko.

Jasho lilimtiririka Bakili mpaka kwenye filimbi. Akampigia Hillary amwambie avumilie kidogo. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, wapi! Alitamani kulia. Na ule mkokoteni umeziba mlango, kwa hiyo hata hawa watu wangekubali kutoka, wangepitia wapi? Hivi Kariakoo nzima hakuna mwenye akili?

"Toa huo mkokoteni!" alimpayukia mpagazi. "Hiyo ni njia ya dharura!"

Mkokoteni ukasogezwa. Akaingia mwanamume mnene wa makamo, shati amelichomekea, akamnyooshea mkono.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba," alijibu Bakili, sasa ameshazoea, akasubiri mkono wake uachiwe.

Haukuachiwa. Nje ilikuwa imesimama difenda ya polisi, imekuja bila king'ora, na ndani yake Hillary amekaa katikati ya askari wawili, kichwa chini.

Mama Celina alikuwa ameshapata viatu. Alizunguka kaunta, akamvua Bakili ile kofia ya njano taratibu, akaiweka juu ya mtungi wa moto.

"Usinikasirikie, mwanangu," alisema. "Mtaa huu ukiitiwa mwizi, hufiki kituoni ukiwa mzima. Ndiyo maana sisi, mtu kama wewe, tunampa shikamoo."