Magoti ya Nyati

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakipigana kwa kutazamana usoni, vifaru na nyati waligombania kisima kila kiangazi. Desturi ilikuwa moja: mkubwa wa upande mmoja akipiga magoti, vita vimekwisha, na wote wanakunywa maji.

Nungunungu, fundi asiyependa kuona damu, akawaundia vifaru mtambo wa kurusha mawe hadi ng'ambo ya kilima, waliko nyati.

"Sasa hakuna kifaru atakayeumia," alisema kwa fahari.

Mawe yakarushwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne Nungunungu akauliza, "Kwani nyati hawajapiga magoti bado?"

"Tutajuaje, fundi?" Kifaru mmoja alijibu huku akipakia jiwe. "Kutoka hapa hawaonekani."

Nungunungu akavuka kilima mwenyewe. Akawakuta nyati waliosalia, wote wamepiga magoti vumbini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu jiwe la kwanza," mkubwa wao akasema. "Tunangoja mtuone."

Jiwe jingine lilikuwa linakuja likivuma. Nungunungu akautambua mlio wa mtambo wake. Akapiga magoti naye, ingawa alijua vizuri kwamba kule lilikotoka hakuna anayeona.