Upande wa Nyumbani

Sheria ilitaka kichwa cha kila mfanyakazi kibebe mifumo miwili, wa kampuni na wa kwake mwenyewe. Kila alfajiri, kabla hajafumbua macho, Mzamiru aliulizwa kichwani aamkie upande upi, na Jumapili alichagua wa nyumbani.

Jumapili hii mkewe, Tausi, alimwamsha kwa chai ya tangawizi.

"Karibu, mteja. Nikusaidie nini?" Mzamiru akamuuliza.

"Baba Shani, acha utani wako. Leo mapumziko."

Hakuwa anatania. Usiku kampuni ilikuwa imeboresha mfumo wake, na maboresho hayo yakalifuta lile swali. Tausi akawapigia mafundi wa kampuni.

"Mama, upande wake upo salama kabisa," fundi akamwambia. "Ila hauna tena mlango wa kuingilia."

"Ndivyo mlivyosema kuhusu kaka yangu! Mwaka wa nne huu, anauza bima mpaka msibani!"

Fundi akakata simu. Binti yao Shani akaja akipikicha macho, akajipenyeza kwapani mwa baba yake. Mzamiru akamtazama kwa tabasamu la kaunta.

"Umekuja na mzazi?"

Shani akacheka, akidhani ni mchezo mpya. "Ndiyo, nimekuja na baba."

Mzamiru akageuka nyuma kumtafuta.