Mjukuu Kwenye Foleni

Mtoto alikuwa na umri wa dakika arobaini tu, na bibi yake alikuwa tayari anatafuta kalamu.

"Tia sahihi hapa," Verna Destree alimwambia mwanawe, akimsogezea karatasi juu ya trei ya chakula ya hospitali. "Na jina la mtoto uliandike likasomeka."

Brent alimtazama mkewe, Renata, aliyelala fofofo baada ya uchungu wa siku nzima.

"Mama, tulikubaliana. Mtoto atachagua timu mwenyewe akikua."

"Nani kamkataza? Mimi namwekea kiti tu. Kukaa ni hiari yake."

Green Bay hakuna anayejiendea tu kununua kiti cha mechi za msimu mzima. Viti vya uwanja wa Packers, timu ya mji huo ya mpira wa Kimarekani, hurithiwa kama mashamba, na asiye na wa kumrithi huandikisha jina kwenye foleni akangoja miaka thelathini na ushei. Ndiyo maana mzazi mwenye akili humwandikisha mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Leroy, marehemu mume wa Verna, alijiandikisha ukubwani. Kila mwaka aliletewa kadi ya kijani yenye nambari yake, na kila mwaka aliiweka mezani akapiga hesabu kama mfungwa anayehesabu siku zilizobaki. Alikufa akiwa mtu wa mia mbili na kumi na mbili. Verna alimlilia mumewe, kisha akailaani ile nambari, na mpaka leo hajaisamehe.

Sasa mjukuu wao wa pekee alikuwa na babu mwingine, na huyo babu ni mtu wa Chicago. Casimir Nowicki, baba yake Renata, alikuwa mshabiki wa Bears, mahasimu wakubwa wa Packers, hadi kwenye mifupa. Siku ya harusi aliingia kanisani na tai ya buluu na chungwa, rangi za Bears, na alipoulizwa akajibu kwamba yuko msibani. Wajukuu kumi na mmoja aliokuwa nao kule Chicago, hakuna hata mmoja aliyemponyoka. Na muda huu alikuwa njiani, ameshaipita Milwaukee.

Simu ya Verna ikalia. Ni yeye.

"Mkwe! Hongera, bibi! Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mzuri, kachukua kwetu."

"Basi Mungu amsaidie. Mmempa jina?"

"Adela."

"Adela Destree tu, au na Nowicki ndani?"

"Destree tu."

"Haya, tutavumilia. Hivi, posta ya hapo hufungwa saa ngapi?"

 Mzee kashanusa, Verna alijiambia; anataka kuwahi kuniharibia.

"Imeshafungwa," alisema. Ilikuwa saa kumi na robo, na posta hufungwa saa kumi na moja.

"Lo!" alisema Casimir, na kwa kweli sauti yake ilimwonyesha mtu aliyehuzunika. Verna alifurahi kuisikia.

Brent alitia sahihi, zaidi ili apate kukaa kwa amani. Verna alivuka barabara kwa mwendo ambao daktari wa nyonga yake angeufungulia kesi. Mbele yake posta palikuwa na mtu mmoja anayetuma sanduku la jibini Florida, naye hakuwa na haraka yoyote duniani. Hatimaye karani aliipokea bahasha, akasoma anwani, akatabasamu.

"Ana umri gani?"

"Saa moja na dakika tano."

"Umechelewa, bibi. Wangu nilimwandikisha akiwa na dakika hamsini." Akagonga muhuri.

Casimir alifika saa kumi na mbili, pande la mtu, masharubu, koti la Bears, mkono mmoja ndani ya koti. Alimbusu binti yake, akampokea Adela, akalia bila haya. Verna alimngoja amalize, maana ana adabu zake. Alipomaliza tu, ilimtoka.

"Mkwe, usijisumbue tena. Mtoto nimeshamwandikisha kwenye foleni ya Green Bay. Hata ulie machozi ya damu."

"Mama!" Renata alifumbua macho. "Si tulikubaliana?"

Brent aligundua kwamba dirisha lile lina mandhari nzuri sana.

Casimir akamrudisha mtoto kwa mama yake polepole, akakaa. "Umemwandikisha kweli? Posta si ilifungwa?"

"Nilikudanganya."

"Na muhuri umeuona ukigongwa?"

"Kwa macho yangu haya. Mwakani kadi yake inakuja, na huna la kufanya."

Alingoja zogo. Majibu alikuwa nayo, ameyatunga tangu siku ya ile tai. Lakini zogo halikuja. Renata alimtazama baba yake, akamtazama mama mkwe wake, kisha akaanza kucheka huku ameshika tumbo na kuguna kwa maumivu.

"Baba, ina maana hujamwambia?"

Casimir akautoa mkono ndani ya koti. Alikuwa ameshika fomu ileile ya foleni ya Green Bay, imeshajazwa yote, imebaki jina na sahihi. Akaichana vipande viwili kwa heshima, akaitia kwenye pipa la taka.

"Nimeendesha maili mia mbili, roho juu, nikihofia kuikosa posta," alisema, akamshika Verna mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mkwe. Huyu wa kumi na mbili umeniandikishia wewe. Sasa safu yetu nzima ya Bears ndani ya uwanja wenu imetimia."

Akampa simu yake atazame picha. Wajukuu kumi na mmoja walikuwa wamejipanga kwa kimo, wote ndani ya jezi za Chicago, na kila mmoja ameinua juu kadi ya kijani ya Green Bay yenye nambari yake.