Ukuta wa Chumba cha Tatu

Kwa mara ya tano fundi redio aligonga geti la aliyekuwa mwenye nyumba wake, na kwa mara ya tano mama yule akachungulia akiwa na mswaki mdomoni.

"Fundi, mkataba ni wa mwaka mzima. Umekaa miezi minne, ukahama. Amana hairudi."

"Mama, kwani nilihama kwa raha zangu? Kila alfajiri redio inabwata ukutani! Nilikuambia, ukaniona mlalamishi."

"Jirani yako wa chumba cha tatu ni mwalimu mstaafu. Anasema hana redio."

"Mwizi gani atakwambia ameiba?"

Aliondoka akifoka peke yake barabarani. Chumba kipya alikwishakipata, ila bila amana hapewi ufunguo, na mwisho ni Ijumaa. Kwa sasa alilala kwenye kochi la dada yake, ambako shemeji alianza kukohoa kila akipita. Makatoni yake sita, yaliyojaa redio za wateja, yalikuwa stoo nyuma ya nyumba. Kibanda chake cha kazi hakikuwa na nafasi hata ya kukunja goti.

Kibandani alimkuta mteja. "Fundi, redio yangu huu mwezi wa tano."

"Bado sijaigusa, mzee wangu. Nina kesi, sina kichwa."

Na kweli hakuwa nacho. Miezi minne hakupata usingizi wa alfajiri hata siku moja. Mtangazaji akianza tu, fundi huupiga ukuta ngumi, na sauti hukoma papo hapo. Sasa mtu asiye na redio anazima nini?

Alhamisi akasema liwalo na liwe, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakaitwa wote. Mwalimu, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, hakuwa na maneno mengi.

"Mwanangu, mimi kila alfajiri naamshwa na ngumi zako."

"Mfa maji haachi kutapatapa," alisema fundi.

Mwenyekiti aliamua: aliyekoseshwa usingizi arudishiwe amana, na mwenye kelele aibebe hasara. Mama mwenye nyumba hakutoa hata senti yake. Alimlipa fundi kwa amana ya mwalimu, kisha akamwambia mwalimu atoke kabla ya Jumapili. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akauliza kama anaweza kuliacha kabati lake mpaka apate pa kwenda.

Fundi alijisikia vibaya kidogo, lakini haki yake ni haki yake. Ijumaa akalipa, akapewa ufunguo, akayapanga makatoni yake ukutani kama kawaida. Akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

Alfajiri mtangazaji akawasalimu wasikilizaji wake.

Fundi aliruka kitandani kwa hasira, akautwanga ukuta ngumi. Sauti ikakoma. Akabaki amesimama, mkono unamuuma, akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba cha mtu. Palikuwa na barabara.

Akafungua katoni la juu. Redio ya mzee yule wa kibandani ilikuwa na joto bado. Kwenye mpini wa redio kulikuwa kumefungwa karatasi, na juu ya karatasi mwandiko wake mwenyewe, wa miezi mitano nyuma: "Inajiwasha alfajiri. Ukiigonga inazima."